Mtoto si fundi wa kurekebisha ndoa yenu

Mvulana wa miaka tisa aliletwa kwangu na mamake akilalamika kuumwa na tumbo. Alikuwa amekwisha kunywa dawa za minyoo, za ameba na za homa ya matumbo, bila nafuu. Nilimpima choo na damu, nikambonyeza tumbo, nisione ugonjwa. Nilipouliza maumivu huanza lini, mama alijibu kwamba ni kila Ijumaa jioni. Yeye na mumewe walikuwa wametengana, na Ijumaa ndiyo siku ya mtoto kwenda kwa babake.

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Ndipo mtoto akaniambia kuhusu filamu ya gari linalorudisha watu miaka ya nyuma. Angelipata gari hilo, alisema, angerudi hadi siku aliyopoteza pesa za maziwa, maana ndiyo siku wazazi wake waligombana na baba akahama.

Filamu hiyo ni Back to the Future, iliyotolewa Marekani mwaka 1985. Kijana Marty McFly anajikuta katika mwaka 1955, anavuruga jinsi wazazi wake walivyokutana, na inambidi ahakikishe wamependana, la sivyo yeye na ndugu zake watafutika duniani. Si filamu ya talaka, na mtu mzima huitazama akicheka. Lakini mtoto ambaye wazazi wake wanaachana huona jambo lingine: kwamba ndoa ya wazazi imo mikononi mwake. The Parent Trap, ya mwaka 1961 na tena 1998, yatoa funzo hilo hilo. Mapacha wanapanga hila, na wazazi waliotalikiana wanarudiana.

Sisemi filamu hizi zipigwe marufuku. Kosa ni letu sisi wazazi tunaponyamaza, tukamwachia mtoto ajieleze mwenyewe kwa nini nyumba imevunjika. Mtoto mdogo hudhani kila jambo limetokana na yeye: alikosa adabu, alifeli mtihani, alipoteza pesa. Asipoelezwa, hujihukumu. Hofu hiyo hujitokeza mwilini. Ataumwa na tumbo au kichwa, atakojoa kitandani, au alama zake zitashuka shuleni. Usimwite mwongo. Ubongo na matumbo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu, na maumivu anayoyasikia ni ya kweli.

Ukitaka filamu ya kutazama na watoto wako wakubwa kidogo, chagua Mrs. Doubtfire ya mwaka 1993. Humo Robin Williams ni baba anayejigeuza mwanamke mzee ili awe karibu na wanawe watatu. Mwishoni wazazi hawarudiani, lakini watoto hawampotezi baba yao. Huo ndio ukweli wanaouhitaji.

Kwa hivyo, mnapoachana, keti pamoja na mtoto ikiwa mnaweza kuketi bila kugombana. Mwambie mambo matatu: hukusababisha haya, si kazi yako kuyarekebisha, na sote tutabaki wazazi wako. Mweleze atalala wapi, atasoma wapi, na ni siku gani atamwona yule mwingine. Usimfanye tarishi wa kudai ada ya shule. Usimwahidi kwamba mtarudiana ikiwa hamna nia hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema jukumu la kumlea mtoto ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la.

Hata hivyo, mpeleke hospitali mtoto anayepungua uzito, mwenye homa, anayetoa damu chooni, au anayeamshwa usiku na maumivu. Akisema anataka kufa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Yule mvulana sikumwandikia dawa. Wazazi wake, ambao wameniruhusu nisimulie kisa hiki, walirudi naye wote wawili juma lililofuata. Baba alishangaa sana, kwani pesa za maziwa hata hakuzikumbuka. Tumbo halikupoa siku hiyo. Lilichukua miezi kadhaa.

Wewe je, mpenzi msomaji? Ikiwa mmetengana, umewahi kumwuliza mtoto wako anadhani ni kwa sababu gani?