Kishikio cha Upinde na Somo la Fizikia

Sungusungu walipoanza kulinda vijiji vya Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, silaha yao ilikuwa upinde. Kijana wa Buhongwa ajichongeaye upinde wake, akiona kishikio kinapindika, hukimbilia kukizungushia kamba au ngozi. Hilo ni kosa. Kamba huzuia mkono usiteleze na ufa usipanuke; ugumu haiongezi ila kidogo mno. Ugumu hutokana na unene: mti wa upana uleule ukiwa na unene maradufu, hukinza kupindwa mara 8 zaidi. Basi kipande cha mti mkavu kigundishwe upande wa ndani, unaomwelekea mpigaji, na ncha zake zichongwe kwa mteremko mrefu; penye ngazi ya ghafla ndipo upinde uvunjikapo, tena karibu na uso. Upande wa nje, unaovutika, usiguswe kwa tezo, maana nyuzi zake zikikatwa hakuna gundi itakayouponya.

Mara nyingi sheria hiyo hufundishwa kwa mchoro wa daraja ambalo mwanafunzi hajapata kuliona. Mwalimu na aazime upinde wa jirani, apime unene wake kwa rula, kisha avute upote mbele ya darasa, bila mshale.