Wema Usio na Chambo

Katika mtaa mmoja wa Mombasa alikuwako bibi mmoja, mjane, aliyepatwa na kidonda cha mguu kwa sababu ya maradhi ya sukari. Wanawe walikuwa ng'ambo, na mjukuu aliyebaki naye nyumbani alikuwa bado mdogo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, jirani yake mmoja, mama wa Kitaita ambaye ni muuguzi, alikuwa akipita kwa bibi, akamwosha kile kidonda, akakifunga kitambaa kipya, akaenda zake. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani alibadili saa, akawa anakuja baada ya Isha, kwa kuwa aliona nyumba imelala asubuhi. Hakuna aliyemwambia abadili.

Mambo yalikwenda hivyo miezi minane. Barazani, kwenye kahawa na kashata, mzee mmoja akauliza, "Yule mama ataka nini?" Mmoja akajibu kuwa huenda anaitamani nyumba. Mwengine akasema, "Ngojeni, siku moja atakuja na kitabu." Kitabu hakikuja. Bibi alipofariki, yule mama alihudhuria matanga, akaketi na wanawake hali amejitanda leso, na siku ya khitma alikuwa uani anaosha masinia pamoja na wenziwe. Baada ya hapo hakuonekana tena mlangoni pale, maana hapakuwa na kidonda cha kufunga.

Hatupendi kumlaumu mzee aliyeuliza. Swali lake lina mizizi katika pwani hii. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuja na barua ya Sayyid Said iliyowataka maliwali wamtendee mema, na watu wa Mombasa walimpokea, wakamwona akimzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka ule ule. Lakini hakuficha kuwa amekuja kuhubiri. Miaka thelathini baadaye likaanzishwa kao la Frere Town kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, ambalo kengele yake ndiyo iliyopa mahali pale jina la Kengeleni. Mtumwa aliyeteremshwa pale alipata kweli uhuru, shamba, ufundi na shule. Alipata pia ubatizo, na ni vigumu kusema ni wapi kimoja kiliishia na cha pili kikaanza. Baadaye zikaja shule na hospitali za misheni, na wazee wengi wa pwani wakazuia watoto wao wasiende, wakihofia kuwa elimu ile ni chambo na ndoana imo ndani. Hofu hiyo ilitugharimu. Tulichelewa kupata madaktari na mawakili wetu wenyewe. Hata hivyo haikuwa hofu ya wajinga.

Basi swali lililobaki ni hili: je, Mkristo anapomtendea mtu wema, dini yake inamtaka atake kitu? Hapa yafaa tuwasikilize wao wenyewe, na tuwapime kwa kipimo chao.

Katika Injili mna kisa ambacho Wakristo wote hukijua tangu utotoni. Mtu mmoja alikuwa akiteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wakamvamia, wakampiga, wakamwacha nusu maiti. Akapita kasisi, akapita na mtu wa hekalu, wote wakaambaa upande wa pili wa njia. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa kabila na madhehebu ambayo Mayahudi wa zama zile waliyadharau hata kula nayo ilikuwa taabu. Akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, na akaahidi kulipa zaidi akirudi. Kisa kinaishia hapo. Hatuambiwi kuwa majeruhi alipozinduka aliulizwa aabudu wapi. Hatuambiwi hata kama alimjua jina aliyemwokoa. Basi Mkristo anayetia chambo katika wema wake haendi kinyume na sisi tu. Anakwenda kinyume na kitabu chake.

Mtu atasema hayo ni ya vitabuni. Basi na tutazame mahali ambapo jambo hili lilitiwa motoni.

Mwezi wa Machi mwaka 2013, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, jeshi la waasi walioitwa Seleka, wengi wao Waislamu, liliteka mji mkuu wa Bangui. Waliwaua na kuwapora raia, hasa Wakristo. Yakazuka makundi ya kulipiza kisasi yaliyoitwa anti-balaka, na kufikia mwanzo wa mwaka 2014 makundi hayo yalikuwa yakiwawinda Waislamu mji kwa mji: wachungaji wa ng'ombe, wachuuzi, wanawake, watoto, watu wasiomjua hata kiongozi mmoja wa Seleka. Anti-balaka walijiita watetezi wa Wakristo, ingawa shingoni walivaa hirizi nyingi kuliko misalaba.

Kaskazini-magharibi mwa nchi ile, kwenye barabara iendayo Kameruni, upo mji mdogo wa Bossemptélé. Palikuwa na hospitali ya misheni iliyoongozwa na padri kijana kutoka Togo, Bernard Kinvi. Yeye ni wa shirika la Wakamilo, mapadri na mabruda wavaao kanzu nyeusi yenye msalaba mkubwa mwekundu kifuani, ambao huweka nadhiri moja zaidi ya wenzao: kumhudumia mgonjwa hata kama huduma hiyo itahatarisha roho zao. Seleka walipokuwa na nguvu, Padri Kinvi aliwatibu majeruhi wao. Anti-balaka nao wakaletwa, akawatibu. Alishika sharti moja, kwamba silaha zibaki nje ya hospitali.

Januari 2014 anti-balaka wakauingia mji. Seleka walikuwa wamekwisha kukimbia, na waliobaki walikuwa Waislamu raia. Wengi waliuawa. Padri Kinvi na wenziwe, pamoja na watawa wa kike wa pale, wakatoka kuzunguka mitaani wakiwatafuta waliobaki hai, wakazika maiti walizozikuta, wakawabeba walemavu na wazee walioachwa nyuma kwa kuwa hawawezi kukimbia. Mamia kwa mamia wakaingia katika uwanja wa misheni, hata idadi ikapita elfu moja. Walilala kanisani, shuleni na katika vyumba vya wagonjwa. Wauaji wakaja mlangoni kudai wapewe watu, wakamtisha padri kwamba atauawa yeye. Hakuwatoa. Wiki zikapita hivyo, mpaka malori ya askari wa kulinda amani yakawachukua wengi wao kuelekea Kameruni.

Ndugu msomaji, tafadhali litazame hili kwa makini. Watu elfu na zaidi, wenye njaa na hofu, wako ndani ya kanisa, na maisha yao yamo mikononi mwa padri. Kama kuna siku ya kutia chambo ndiyo hiyo. Wangeambiwa wabatizwe, ni wangapi wangekataa? Padri hakutaka hilo. Walioingia Waislamu walipanda malori Waislamu.

Na kule Bangui kwenyewe, Desemba 2013, wauaji walipokuwa wakitafuta nyumba ya kiongozi wa Waislamu, Imamu Omar Kobine Layama, Askofu Mkuu wa Kikatoliki, Dieudonné Nzapalainga, alimchukua imamu na aila yake akawakalisha nyumbani kwake. Hawakukaa siku mbili tatu. Walikaa kwa miezi. Imamu alisali sala zake humo, askofu naye akisali zake. Pamoja na mchungaji wa Kiprotestanti, Nicolas Guérékoyame-Gbangou, walizunguka nchi wakiwasihi watu waache kuuana. Imamu Kobine alifariki Novemba 2020.

Sisi Waislamu hatupaswi kustaajabu sana tusikiapo habari hizi, maana kisa cha kwanza cha namna hii kimo katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Adha za Makka zilipozidi, karibu na mwaka 615, aliwaelekeza sahaba zake waende Habash, kwa mfalme wa Kikristo asiyedhulumiwa mtu katika nchi yake. Makuraishi wakawatuma Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia kuwarudisha, wakiwa wamesheheni zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa maaskofu wake. Wengi hukumbuka vile Jaafar bin Abi Talib alivyosimama akasoma aya za Surat Maryam, na mfalme akalia. Ni wachache wanaokumbuka jambo dogo lililofuata: Najashi aliamuru zile zawadi zirudishwe. Wanahistoria wetu husimulia kuwa baadaye alisilimu, na kwamba Mtume alimsalia alipofariki. Lakini siku ile, mbele ya maaskofu wake, aliwalinda Waislamu hali akiwa Mkristo, na hakupokea malipo, si kwa wageni wala kwa maadui zao.

Nasi tunacho kipimo hicho hicho. Suratul Insan inawasifu watu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na hawataki kwao malipo wala shukrani. Hata shukrani! Sasa tujiulize kwa haki: mifuko ya unga na tende tunayogawa mwezi wa Ramadhani, je, haina chambo kabisa? Safu hii imeona futari ikigawiwa mbele ya kamera, na mpokeaji akalazimishwa kushika mfuko juu kama kombe la mpira. Imesikia pia habari za misaada inayotolewa kwa jirani asiye Mwislamu kwa sharti la kuhudhuria mawaidha. Ikiwa tunaichukia ndoana ya misheni, basi tusiifue yetu.

Pwani hii na nchi nzima imepitia miaka migumu. Machi 2014 waumini walipigwa risasi ndani ya kanisa huko Likoni. Aprili 2015 waliuawa watu 148 Garissa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, na Wakristo walibaguliwa ili wauawe. Lakini Desemba ya mwaka ule ule, karibu na Mandera, basi lilisimamishwa na wauaji wakaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na akafariki Januari 2016. Hao waliokuwa pembeni yake hakuwauliza watamlipa nini.

Tumalizie kisa cha mtaani. Mwaka uliofuata baada ya bibi kufariki, yule mama muuguzi alifiwa na mumewe. Habari ikafika barazani, na pakawa na kimya, maana nyumba ile itajaa watu wa kanisa na nyimbo zao, na haijulikani mtu ataketi wapi. Mwishowe yule mzee aliyeuliza, "Ataka nini?" akainuka, akamwita mwenziwe mmoja, wakapita dukani wakachukua mfuko wa mchele na kilo za sukari. Walipofika, kijana mmoja aliyesimama mlangoni akawapokea mizigo, akawatolea viti. Wageni waliotoka Taita, ambao hawakuwajua, wakawa wanawatazama wazee wale wenye kofia na kanzu, kisha wakatazamana wao kwa wao.

"Wametaka nini?" akauliza mmoja wao kwa sauti ya chini.

Yule mama alisikia. "Ni majirani zangu," akasema, akaenda kuwaletea chai.