Mnada usio na nyundo

Katika minada ya zamani, iwe ya ng'ombe gulioni au ya vyombo vya marehemu, dalali hakuongozwa na saa; alikuwa na sauti yake na nyundo yake, na bei haikufungwa mpaka amekwisha kuihesabu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku akiwatazama waliohudhuria, ili kila mwenye haja apate fursa ya kuongeza au kunyamaza. Mnada wa intaneti, uliopata umbo lake mashuhuri huko California mwaka 1995, Pierre Omidyar alipofungua soko lililokuja kuitwa eBay, uliiondoa nyundo hiyo ukaweka mahali pake saa isiyosikia la mtu: wakati uliopangwa ukiwadia, mlango umefungwa, na bidhaa ni ya yule ambaye dau lake lilikuwa juu katika nukta ile. Rai yangu ni kwamba badiliko hilo, dogo kwa kulitazama, ndilo lililozaa sehemu kubwa ya hila za wanunuzi wa zama hizi.

Si kwamba waliolitunga soko lile walikosa hekima. Waliweka utaratibu ambao mnunuzi hutaja kwa siri kima chake cha mwisho, kisha mtambo ukampandishia bei kidogo kidogo, kwa kadiri wenzake wanavyopandisha, bila ya kukivuka kima hicho. Aliyetaja shilingi laki mbili, ilhali mshindani wake wa karibu amekomea laki na nusu, hulipa laki na nusu na nyongeza ndogo tu. Utaratibu huo unashabihiana na ule aliouchambua mtaalamu wa iktisadi William Vickrey mwaka 1961 (naye alitunukiwa Nobel mwaka 1996, akafariki siku chache baada ya kutangazwa), akabainisha kwamba mshindi akilipa kwa kadiri ya dau la wa pili, hakuna faida ya kuficha yaliyo moyoni: taja unachokiridhia, kisha nenda zako ukalale.

Lakini wanunuzi hawalali. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, waliilinganisha minada ya eBay na ile iliyoendeshwa wakati huo na Amazon, ambako dau lililoingia katika dakika 10 za mwisho liliusogeza mbele mwisho wa mnada. Wakakuta kwamba uviziaji wa dakika za mwisho ulikuwa mwingi zaidi eBay, na mwingi hasa kwa wanunuzi wazoefu, ambao kwa Amazon uzoefu uliwaelekeza kinyume.

Mviziaji anamjua mwenzake. Anajua kuwa mtu aliyeongoza kwa siku kadhaa hukwisha kuihesabu bidhaa kuwa yake, akaitafutia na mahali sebuleni, na akipitwa huona amenyang'anywa. Basi huongeza, si kwa kuwa thamani imezidi, bali kwa hamaki. Ajitokezaye katika nukta ya mwisho hamwachii mwenzake nafasi ya kuhamaki, na kwa hilo simlaumu. Fauka ya hamaki kuna kughafilika: Young Han Lee na Ulrike Malmendier walichunguza minada ya mchezo mmoja wa ubaoni, ambao kwenye ukurasa ule ule uliuzwa pia kwa bei mahsusi bila ya mnada, wakaona kuwa asilimia 42 ya minada ilikwisha kwa bei iliyoipita ile bei mahsusi. Waliotoa dau la kupita kiasi walikuwa asilimia 17 tu, na hao walitosha, kwani kazi ya mnada ni kumtafuta aliye tayari kulipa kuliko wote, na mara nyingine huyo ni yule aliyesahau kutazama pembeni.

Kwetu, ambako gari lililotumika hununuliwa mnadani Japani kwa mkono wa wakala na mwenyewe yuko Dar es Salaam au Mombasa, na ambako chai ya Mombasa imekwisha kuhamia kwenye mnada wa kielektroniki, jambo hili si hadithi ya ng'ambo. Kila atakayeanzisha mnada wa intaneti kwa wanunuzi wa rejareja nchini mwetu angepaswa kuirudisha ile hesabu ya dalali kwa kanuni ya kuongeza muda kila dau jipya linapoingia mwishoni.

Hoja ya kunipinga ninaijua, nayo ni nzito: uviziaji humkinga mnunuzi na najshi, yaani kule kupandisha bei kwa mtu asiyetaka kununua, ambako fiqhi imekuharimisha tangu kale na ambako kwenye intaneti huwa rahisi mno, maadamu muuzaji aweza kujibandika majina matatu. Muda ukiongezwa, laghai huyo naye huongezewa. Kwa hiyo kanuni ya kuongeza muda iende pamoja na nyingine mbili: anayetia dau athibitishwe kwa kitambulisho kabla ya kutia, na mwenye soko, anayepata ujira wake kwa kadiri ya bei ya mwisho, alazimishwe kumfidia mnunuzi kila itakapobainika kuwa aliyeshindana naye alikuwa muuzaji mwenyewe.