Kijana Akiwa Juu ya Nguzo



Hapa kwetu Shinyanga na Geita, vijana wetu wengine wanajifunza ufundi wa umeme, VETA au kwa kufuatana na mafundi wa laini. Tunawahimiza wavae mkanda na kofia ngumu. Vema. Lakini hatari nyingine hutoka majumbani mwetu.

Umeme ukikatika tunawasha jenereta. Ikiunganishwa na waya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, umeme wake hurudi kwenye laini. Transfoma huupandisha: volti 230 huweza kuwa 11,000 au 33,000. Kumbe juu ya nguzo yupo mwanagenzi anayeambiwa laini imezimwa! Ndiyo maana hufundishwa kupima kwanza, kisha kufunga waya wa ardhi, ndipo ashike.

Mtu akinaswa, msimguse kabla umeme haujazimwa. Sisi wauguzi tunajua: kidonda huweza kuwa kidogo nje, kumbe ndani nyama zimeungua na moyo umeguswa. Mpelekeni hospitali hata akisema hajambo.

Mwana wa mwenzio ni wako. Kabla ya kuwasha jenereta tena, mwiteni fundi mwenye leseni, si kishoka, aikague swichi hiyo.