Karatasi ya kliniki isomeke kwa lugha ya mgonjwa

Kila nifikapo nyumbani Tabaka huitwa daktari, nami nimechoka kueleza kwamba udaktari wangu ni wa isimu, hautibu hata mafua. Likizo iliyopita jina hilo liliniletea wageni wawili: mchongaji wa mawe ya sabuni na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Wamekaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto. Walikuwa na karatasi kutoka kliniki moja ya Nairobi, imeandikwa Kiingereza kitupu, na walitaka niwaonyeshe mahali pa kutia sahihi.

Karatasi ilihusu chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Mwanamke hutolewa damu yake mwenyewe, ikazungushwa kwa kasi ndani ya mashine hadi chembe nyekundu zikatuama chini. Kisha plazma ya manjano yenye chembe sahani tele hupitishwa kwa mrija mwembamba hadi katika mji wa mimba. Chembe hizo hubeba kemikali zinazochochea ukuaji wa tishu. Matumaini ni kwamba utando wa ndani uliokonda, aghalabu chini ya milimita 7, au ulioachiwa makovu na maambukizi, utanenepa na kukipokea kiinitete.

Nilimwuliza bwana karatasi inasema nini. Akajibu bila kusita, "Inarekebisha mji wa mimba." Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi.

Niliposoma, sikuona ahadi hiyo. Palikuwa na kitenzi kisaidizi kimoja kidogo, ambacho kwa Kiswahili ni "huenda". Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaijua hu- ya mazoea: jua huchomoza, maji huteremka. Kati ya "husaidia" na "huenda ikasaidia" ndipo waliposimama ng'ombe wale wawili.

Na "huenda" hiyo ina uzito wake. Mwaka 2015 watafiti wa China walitoa taarifa ya wanawake watano wenye utando mwembamba, na wote wakashika mimba. Habari njema, lakini watano ni watano, wala hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nao. Mwaka 2023 chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, kilishauri njia hii isitumiwe kama jambo la kawaida. Mwaka 2024 mapitio ya Cochrane, yaliyopima majaribio yaliyokwisha kufanywa, yalikuta ushahidi haujatosha kuonyesha kama njia hii huongeza idadi ya watoto wanaozaliwa hai.

Nisieleweke vibaya. Sipingi utafiti, wala siwacheki wanaotamani mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la uzazi maishani. Huku Gusii, ambako zamani mke asiye na mwana wa kiume aliweza hata kuoa mwanamke mwenziwe ili nyumba yake isizimike, neno "tasa" bado humwangukia mwanamke peke yake. Nilipouliza kama bwana naye amepimwa, kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

Ugomvi wangu ni wa lugha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Kwa nini basi fomu ya kukubali matibabu ibaki Kiingereza? Na sisi walimu, tunaotungisha wanafunzi insha za mazingira mwaka baada ya mwaka, mbona hatujawapa fomu kama hiyo waitafsiri darasani, huku tukiwakagulia kila "huenda"?

Wageni wangu hawakutia sahihi siku hiyo. Tuliandika maswali manne ya kumpelekea daktari halisi, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii: ni wanawake wangapi wamefanyiwa hapo, wangapi wamejifungua, gharama yote ni kiasi gani, na kipimo cha mume kinafanyika wapi. Hilo la mwisho mwalimu alilivutia mshale hadi juu kabisa ya orodha. Mnunuzi wa ng'ombe ameambiwa asubiri.