Msiige Roboti, Igeni Maandalizi Yake



Siku hizi swali ninaloulizwa sana na vijana si la mbolea wala la mbegu. Ni la mashine. "Afisa, droni ya kupulizia dawa inauzwa bei gani?" "Hivi roboti za kupalilia zitafika lini huku kwetu?" Sina ugomvi na mashine. Ila naona tunakodolea macho kitu ambacho hakitatupa faida msimu huu. Kama kuna la kuiga kwa watu wa roboti, ni jinsi wanavyojiandaa. Na wa kuwaiga ni wanafunzi wa sekondari.

Kuna mashindano yanayoitwa FIRST Robotics Competition. Yaliasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen, na ya kwanza yalifanyika Marekani mwaka 1992, katika ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, kwa timu 28. Leo timu ni maelfu, kutoka nchi nyingi. Utaratibu wake ni huu: kila Januari, siku moja, timu zote zinatangaziwa mchezo wa mwaka huo. Mwaka mmoja roboti itatakiwa kurusha mipira, mwaka mwingine kupanga maboksi au kujining'iniza kwenye chuma. Kabla ya siku hiyo ni siri. Mashindano yanaanza mwishoni mwa Februari au Machi. Yaani una wiki chache tu za kubuni, kujenga, kuandika programu na kufanya majaribio.

Zamani ilikuwa kali zaidi. Zikipita wiki sita hivi, roboti inafungwa kwenye mfuko wa plastiki na haiguswi mpaka siku ya mashindano. Sheria hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2020, lakini tarehe ya mashindano bado haimsubiri mtu.

Sisi tarehe yetu ni mvua, nayo haimsubiri mtu vilevile.

Sasa angalia timu nzuri inavyotumia wiki zake. Inaanzia tarehe ya mashindano na kuhesabu kurudi nyuma. Haijengi mpaka siku ya mwisho. Inajitahidi roboti ikamilike mapema, ili siku zinazobaki ziwe za kuiendesha, kuivunja na kuitengeneza tena. Wanataka iharibike karakana, mbele ya mafundi na spana, isije ikaharibikia uwanjani. Mechi yenyewe kwa misimu mingi imekuwa dakika 2 na sekunde 30, na sekunde 15 za mwanzo roboti inajiendesha bila mtu kugusa usukani. Ikizima hapo, hakuna wa kumlalamikia.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Bomba la kupulizia limelala stoo tangu msimu uliopita, na dawa ikiwa imekauka kwenye nozeli. Tunalikumbuka siku viwavijeshi vamizi wameshaingia kwenye mahindi. Hapo ndo tunagundua mpira umepasuka, kishikio kinavuja, na duka lenye kipuri liko mjini. Kiwavi hakungoji. Akiwa mdogo unammudu, ila akishakua na kujichimbia katikati ya mmea, dawa haimfikii vizuri. Siku tatu za kutafuta kipuri zinaweza kukugharimu magunia.

Jambo la pili ni unyenyekevu. Timu nyingi changa hutaka roboti ifanye kila kitu: irushe, ipange, ipande. Matokeo yake haifanyi hata kimoja vizuri. Wakongwe wa mchezo huu watakwambia: chagua kazi moja au mbili, uzifanye kila mara bila kukosea. Na kuna sababu. Mechi zinachezwa kwa muungano wa timu tatu dhidi ya tatu, na baada ya mechi za mchujo, timu zinazoongoza huchagua za kuungana nazo. Kwa hiyo kila timu makini huwa na vijana wanaokaa jukwaani na kuandika: roboti ile imefunga mara ngapi, imezima mara ngapi. Roboti ya kawaida isiyozima huchaguliwa ikaacha ya mbwembwe.

Mnunuzi wa mazao naye ana daftari lake. Hoteli au kiwanda hakitafuti mkulima mwenye picha nzuri ya droni. Kinatafuta anayeleta kreti 40 za nyanya kila Jumanne, za daraja lilelile. Ukizima mara mbili, unaachwa. Kijana aliyelima nusu ekari na akaimudu ana nafasi kubwa kuliko aliyekodi ekari tano na mtaji ukamkatikia katikati.

Jambo la tatu ni vitu vidogo. Roboti hizi zinatumia betri ya volti 12, na mara nyingi kinachoizima roboti uwanjani si hitilafu kubwa. Ni waya uliolegea au betri isiyojaa chaji. Ndiyo maana timu inabandika namba kwenye kila betri, ina vipuri kwenye boksi, na kabla ya kila mechi mtu mmoja anasoma orodha kwa sauti: nati, nyaya, betri. Hakuna anayesema "hiyo niliiangalia jana".

Najua wapo watakaosema, "Afisa, hao ni watoto wa nchi tajiri." Kweli, ada ya kushiriki peke yake ni maelfu ya dola. Lakini ninachowaambia muige hakina bei. Halafu vijana wetu hawako mbali sana na mambo haya. Kuna mashindano ndugu, FIRST Global Challenge, ambako kila nchi hupeleka timu moja, na Tanzania na Kenya zimewahi kushiriki. Mwaka 2024 yalifanyika Athens, Ugiriki, na mada ilikuwa chakula cha dunia ya kesho. Wenzenu wanaumiza vichwa juu ya kazi yenu.

Kwa hiyo, kabla ya mvua, kila mmoja afanye haya:

Jaza bomba maji safi, pulizia kwenye ndoo kwa dakika moja, upime. Fanya hivyo kwa nozeli mpya pia. Ya zamani ikitoa zaidi ya mpya kwa asilimia 10, itupe. Kisha pulizia maji eneo la mita 10 kwa 10, uone umetumia kiasi gani, uzidishe kwa 40. Hayo ndiyo maji ya ekari moja, na hapo ndipo unapokokotoa dawa kwa kufuata lebo.

Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizoota baada ya wiki. Bora ujue leo kuliko ujue shambani.

Washa pampu sasa. Fungua mipira ya matone, ulinganishe maji ya mwanzo wa mstari na ya mwisho.

Andika orodha yako na uibandike mlangoni mwa stoo.

La mwisho, na pengine kubwa kuliko yote: kwenye mashindano yale timu huazima vipuri hata kwa wapinzani wao wa mechi inayofuata. Profesa Woodie Flowers wa MIT, sasa ni marehemu, alihimiza sana tabia hiyo: shindana kwa nguvu zote, lakini kwa uungwana. Kikundi chenye boksi moja la vipuri na nozeli za akiba, linalozunguka kwa wanachama wote, kitavuna zaidi ya kile ambacho kila mtu anaficha spana yake. Pitisheni mchango wa boksi hilo kwenye kikao kijacho. Msingoje kiwavi aje kuwakumbusha.

Kazi njema.