Kushuka mto pamoja na watoto: bato gani, kwa makuta gani?



Likizo kubwa imekaribia, na kama kila mwaka swali ni lile lile katika mikutano yetu: nani anashuka Kinshasa, na anashuka na bato gani? Mmoja anataka kupeleka watoto kwa bibi yao. Mwingine ana magunia ya mchele na mitungi ya mafuta ya mawese ya kuuza. Mwingine tena ana kijana anayekwenda kutafuta nafasi katika chuo kikuu. Ndege inafika siku ile ile, lakini ukihesabu tiketi za watu watano, makuta ya nyumba yanakwisha kabla safari haijaanza. Kwa hiyo wengi wetu tunabaki na mto.

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, mto una kilometa 1734. Juu yetu maporomoko ya Wagenia yanafunga njia, ndiyo maana wanaotoka Kindu wanashukia Ubundu na kumalizia njia kwa gari-moshi au barabara. Lakini kuanzia Kisangani kwenda chini maji ni wazi: Isangi, Basoko, Bumba, Lisala, Mbandaka, Bolobo, Kwamouth, mpaka Kinshasa. Ni safari ya siku nyingi, na bato linalomfaa mama mwenye magunia halimfai mama mwenye mtoto wa kunyonya. Juma hili tunapenda tusaidiane kuchagua.

Mabato tuliyo nayo

Kwanza kuna bato la chuma lenye motere kubwa linalosukuma majahazi ya chuma yaliyofungwa mbele yake. Zamani tulijua mabato ya ONATRA, ambayo leo inaitwa SCTP. Siku hizi mengi ni ya watu binafsi. Yanakwenda polepole na yanasimama fasi nyingi. Juu ya jahazi ni kama kijiji: watu wanapika, wanauza, wanasuka nywele, mbuzi wanalia. Wanavijiji wanakuja na mitumbwi yao wakiwa na samaki wa moshi, chikwange, ndizi na nyama, wanauza na kununua chumvi, sabuni na nguo. Nafasi ni kubwa na mzigo unakubaliwa. Ubaya wake ni siku: kushuka kunaweza kuchukua wiki mbili au tatu, na kupanda ni zaidi, kwa sababu unapigana na maji.

Pili kuna balenyeri, ile mashua ndefu ya mbao yenye motere na paa la turubai au mabati. Ni nyepesi kuliko majahazi, inaondoka mara nyingi, na bei yake ni ndogo. Ndiyo maana inajaa. Watu, magunia, mafuta ya motere na mbabula za kupikia, vyote viko karibu karibu. Kwa njia fupi ya mchana, ikiwa haikujazwa kupita kiasi, inasaidia sana. Kwa njia ndefu yenye usiku ndani yake, ndiyo inayotutia hofu zaidi.

Tatu kuna kano rapidi. Inakimbia, ina watu wachache, na jua likizama mara nyingi inafunga kando. Bei yake iko juu na mzigo wako lazima uwe mdogo. Inafaa kwa vipande vya njia, si kwa mtu mwenye magunia kumi.

Mtumbwi wa motere tunauacha kwa safari za karibu: kwenda shamba, soko la kijiji, au kuona ndugu ng'ambo.

Maswali matatu kabla ya bei

Tumezoea kuuliza kwanza, "Ni bei gani?" Tujaribu kuanza na maswali matatu mengine.

Tuna siku ngapi? Ukiwa na tarehe isiyongoja, kama mtihani, harusi au siku ya hospitali, usiiweke mikononi mwa jahazi. Mwezi wa saba na wa nane maji yanapungua sana upande wa chini, michanga inajitokeza, na bato likikaa juu ya mchanga hakuna anayejua litatoka lini. Mwenye tarehe atafute kano rapidi kwa vipande, au aondoke mapema sana, au mtu mmoja tu wa nyumba apande ndege na wengine wabaki.

Tuna mzigo gani? Mama anayefanya biashara, jahazi ndilo lake. Anaweza kukaa karibu na magunia yake, kuuza njiani na kununua samaki wa kuuza Kinshasa. Kwake siku nyingi si hasara, ni soko. Lakini aulize mapema bei ya kila gunia na aandikiwe karatasi, maana wengi wanalipa tiketi vizuri kisha wanagombana juu ya mzigo siku ya kushuka.

Nani anatufuata? Hapa ndipo tunaomba wamama wafikiri zaidi. Kijana mwenye nguvu anayejua kuogelea anaweza kuvumilia mambo ambayo mtoto wa miaka mitatu hawezi. Bibi mwenye ugonjwa wa magoti hawezi kupanda ubao mwembamba kuingia jahazini usiku. Mama mwenye mimba ya miezi minane asianze njia ambayo hospitali iko mbali siku tatu. Chagua bato kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi lenu.

Hesabu ya kweli

Tiketi ni sehemu moja tu ya bei. Tuchukue mfano. Tuseme nyumba yako safarini inakula franka 15 000 kwa siku. Siku 10 ni 150 000. Bato likikwama siku 6 juu ya mchanga, umeongeza 90 000 bila kusogea kilometa moja. Ukiwa na makuta ya siku 10 tu, kuanzia siku ya 11 unakopa kwa wasafiri wenzako au unauza nguo zako.

Kwa hiyo andikeni karatasini: tiketi za watu wote, bei ya mzigo, chakula, makala, maji ya kunywa, dawa, na usafiri wa kutoka bandarini mpaka nyumbani Kinshasa. Kisha kwa kila siku mbili za chakula, ongezeni siku moja ya akiba. Ikiwa hesabu inashinda mfuko, afadhali wasafiri wawili kuliko kuwaweka watano katika mashua mbaya.

Na tuseme ukweli: wengi wetu tunapanda mashua iliyojaa si kwa sababu hatuoni hatari. Tunaiona. Lakini siku ile mkononi tuna makuta ya mashua ile tu. Dawa ya jambo hilo haipatikani bandarini, inaanza miezi mingi kabla. Katika chama tunajua likelemba ya sahani na ya biashara ndogo. Tunapendekeza kila kikundi kianze likelemba ya safari: wamama kumi, kila mmoja anatoa kidogo kila juma, na anayesafiri anapokea zamu yake kabla ya likizo. Tofauti ya bei kati ya mashua ya hofu na bato zuri mara nyingi ni kitu ambacho likelemba ya miezi michache inaweza kulipa.

Bandarini, kabla ya kutoa makuta

Nenda kuona bato siku moja kabla, mchana, na usilipe mbele ya kuliona. Tazama mambo haya:

Ubavu wa bato. Ukiona maji yamekaribia ukingo wakati watu hawajaingia bado, rudi nyumbani.

Jile za kuogelea. Omba kuziona, usikubali kuambiwa tu kwamba zipo. Zihesabu, na uulize za watoto ziko wapi. Jile ya mtu mkubwa inamteleza mtoto na kumwacha majini. Mama anayesafiri kila mwaka na watoto anunue zake mwenyewe, na kikundi kinaweza kuwa na chache za kuazimana.

Moto na mafuta. Mwezi wa nne mwaka 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao iliwaka moto ikiwa imejaa watu, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Ilisemwa kwamba moto ulianzia mahali pa kupikia. Ukiona mapipa ya mafuta yako jirani na mbabula, hiyo si mashua ya watoto wako. Na sisi wenyewe ndio wapishi: tusiwashe moto fasi yoyote tunayotaka, na tusiache makala yenye moto bila mtu.

Usiku. Uliza kapiteni kama anasimama jua likizama. Magogo na michanga havionekani gizani. Akijibu, "Tutaona," umekwisha kujibiwa.

Majina. Kamishna wa mto anapaswa kupata orodha ya abiria. Hakikisha majina yenu yameandikwa, hata ya mtoto mchanga. Baada ya ajali nyingi katika nchi yetu, familia zinalia mara mbili: kwa waliokufa, na kwa kuwa hakuna karatasi inayosema nani alikuwa ndani. Acha pia nyumbani jina la bato, siku ya kuondoka, na namba ya simu ya mtu mmoja mliye naye safarini.

Ukikuta jambo moja kati ya haya si sawa na umekwisha kulipa, dai makuta yako. Wakikataa, ni hasara na inauma. Lakini makuta tutayatafuta tena. Kukataa kupanda si aibu, hata mume, shemeji na wasafiri wote wakisema una woga. Mkikataa wamama watano pamoja, mwenye bato anaanza kupunguza magunia.

Mkiwa njiani

Bebeni chandarua, dawa ya malaria mliyopewa na muuguzi, shuka, ndoo yenye kifuniko, sabuni, na maji safi ya siku za kwanza. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama majirani wanayakunywa hivi hivi. Mtoto akiharisha, anza mara moja maji ya chumvi na sukari, na uulize zahanati kwenye bandari inayofuata. Mtoto mdogo asiende chooni peke yake, maana choo mara nyingi kiko ukingoni nyuma. Wasichana walale katikati ya familia, si pembeni. Na wamama wawili au watatu wakipatana kukesha kwa zamu, mizigo na watoto vinafika.

Kwa wanaotaka kupumzika tu

Si lazima kufika Kinshasa ili kuonja mto. Nyumba yenye makuta kidogo inaweza kutoka asubuhi kwenda Wagenia kuona wavuvi na vikapu vyao vikubwa juu ya miti iliyosimikwa katika maji makali, na kurudi jioni. Yenye siku mbili tatu inaweza kushuka Yangambi, kama kilometa mia moja, mahali pa INERA na msitu wake, au kuendelea kidogo mpaka Isangi, pale Lomami inapoingia mtoni. Ni njia fupi inayowezekana kwa mwanga wa mchana, na watoto wanajifunza kupenda mto wao bila kukaa wiki tatu juu ya magunia.

Wamama ambao mmesafiri mwaka huu, leteni habari kwenye mkutano wa juma lijalo: bato gani lilikuwa na jile, kapiteni gani alisimama usiku, mlikaa siku ngapi, mlilipa nini kwa gunia. Tutaziandika kwenye daftari la chama, na kila anayetaka kusafiri aje kuzisoma kabla ya kwenda bandarini.

Mto ni wetu, na safari iwe njema. Fikeni wote, kwa hesabu ile ile mliyoondoka nayo.